Daktari wa Simu Anapimwa Wiki ya Nne

Ukiwa Malaba, hasa karibu na reli na yadi ya malori, simu yako haijui vizuri iko nchi gani. Unaanza mazungumzo ukiwa Kenya, unasogea hatua chache kununua maji, mara ujumbe unaingia: karibu Uganda. Kwa mchuuzi wa vitunguu hiyo ni kero ndogo. Anazima simu, anawasha, maisha yanaendelea. Kwa mzazi aliyeketi na mwanawe wakimtazama daktari wa Nairobi kwenye kioo, picha ikiganda katikati ya swali, kikao kimeharibika na pesa za M-Pesa zimeshatoka.

Visa vya wazazi hawa hufanana. Mwalimu amewaita shuleni. Mtoto hatulii kwenye dawati, hamalizi zoezi, anajibu kabla swali halijaisha, sweta na kalamu vinapotea kila wiki. Nyumbani ameitwa mtundu, mkaidi, pengine ameshapelekwa kuombewa. Kisha jamaa fulani akataja ADHD, na tangu usiku ule walipoitafuta kwenye simu, matangazo hayaishi: zungumza na daktari leo, dakika 20 tu, dawa zisizo na uraibu, utaletewa hadi mlangoni.

Makala haya yanahusu tangazo hilo. Sisemi lipuuzwe. Kutoka Busia hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 400, na madaktari wa akili wa Kenya, ambao ni wachache mno kwa taifa la watu zaidi ya milioni 50, wamejaa huko huko Nairobi na katika miji mingine mikubwa. Daktari bingwa wa akili za watoto ni adimu zaidi. Walio karibu na mpaka hutegemea Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia, Alupe au Kocholya kwa hatua ya kwanza, kisha Eldoret katika Hospitali ya Rufaa ya Moi au Kisumu katika ile ya Jaramogi Oginga Odinga. Nauli ya watu wawili, siku nzima ya biashara iliyopotea sokoni, na pengine kulala huko: ukipiga hesabu hiyo, daktari wa simu si anasa. Anayemdharau daktari wa simu huenda hajawahi kusafiri na mtoto asiyetulia ndani ya matatu kutoka Malaba hadi Eldoret.

ADHD yenyewe si ukaidi wala malezi mabaya. Ni hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kushika umakini, kutulia au kujizuia kwa kiwango kinachovuruga maisha yake, nyumbani na shuleni pia, tangu utotoni. Tafiti za dunia hukadiria kwamba inawapata watoto takriban 5 katika kila 100, na watu wazima karibu nusu ya kiwango hicho. Dawa zake ni za makundi mawili. La kwanza ni vichangamshi, hasa methilfenideti ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin. La pili ni zile zisizo vichangamshi, na ndizo zinazotangazwa sana kwenye simu.

Kwa nini hizi za pili? Methilfenideti imo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na nchi nyingi, Kenya na Uganda zikiwemo, huidhibiti kwa sheria kali. Haiuzwi kwa picha ya cheti iliyotumwa WhatsApp. Mtu wa Busia anayevuka mpaka mara tatu kwa siku akiwa nayo mfukoni bila karatasi za daktari anajitafutia maswali ambayo hatayapenda. Dawa zisizo vichangamshi hazina masharti hayo. Zinaandikwa kwa urahisi, zinasafirishwa kwa urahisi, na daktari anayeziandika haogopi sana mkaguzi. Urahisi huo ndio unaonitia shaka. Panapokosekana sheria ya kumlazimisha daktari aende taratibu, inabidi mzazi mwenyewe amlazimishe.

Dawa hizi zenyewe zinataka mwendo wa taratibu. Kichangamshi hufanya kazi siku ile ile. Mzazi huona tofauti kabla ya chakula cha mchana. Atomoksetini, ambayo ndiyo dawa kuu ya kundi hili na iliidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa jina la Strattera, huchukua wiki nne hadi sita kuonyesha nguvu zake zote, na kwa wengine zaidi. Katika wiki za mwanzo unaweza kuona madhara tu: kichefuchefu, tumbo kuuma, hamu ya chakula kupungua, usingizi, mapigo ya moyo kwenda mbio kidogo. Familia nyingi huachia hapo. Wanasema dawa haifai, kumbe haijapewa nafasi. Hivyo daktari wa simu hapimwi uzuri wake kwa kikao cha kwanza, ambapo kila mtu ni mchangamfu na kamera ni safi. Anapimwa wiki ya nne. Je, yupo? Anapokea simu? Anakumbuka uzito wa mtoto, au anauliza upya jina lake?

Kabla hujalipa hata shilingi, uliza swali moja: bei hii ni ya kikao kimoja au ya kufuatilia hadi mwezi wa tatu? Akikwepa, endelea kutafuta.

Uzito ni jambo dogo lenye uzito wake. Kwa mtoto aliye chini ya kilo 70, kipimo cha atomoksetini hupigwa kwa kilo. Sasa sikiliza mazungumzo ya kawaida ya simu. "Mama, mtoto ana kilo ngapi?" "Sijui daktari, labda ishirini na tano." Labda! Daktari anayeandika dawa kwa neno hilo si wa kuaminiwa. Aliye makini atasema, mama, naomba umpeleke leo akapimwe kwenye zahanati iliyo karibu, unipigie picha ya mizani, ndipo tuendelee. Huenda ukamwona msumbufu. Ndiye unayemtaka.

Jambo lile lile ni la presha. Atomoksetini huweza kupandisha presha na mapigo ya moyo. Klonidini na guanfasini, ambazo zote mbili zilianza kama dawa za presha, huishusha, na huleta usingizi. Vyovyote iwavyo, presha lazima ipimwe kabla ya kuanza na kila kipimo kinapoongezwa, na hakuna programu ya simu inayofunga mkanda mkononi mwa mtoto. Hapa Busia tuna jambo la kujivunia kidogo. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja nchi nzima, wakapewa mabegi ya vifaa, na ndani yake mna mashine ya presha, kipimajoto na mizani. Mhudumu wa mtaa wako huenda anaishi nyumba ya nne kutoka kwako. Ila angalia mkanda wa mashine yake: ule wa mtu mzima ukifungwa kwenye mkono mwembamba wa mtoto wa miaka saba, husoma chini kuliko ilivyo. Kwa hiyo nenda zahanati au hospitali penye mkanda wa saizi ya mtoto, mwambie muuguzi mtoto akae ametulia dakika chache kwanza (naam, najua, ndiyo shida yenyewe), kisha andika namba zote mbili na saa. Mtumie daktari. Akizipokea bila kusema lolote, mwulize maana yake. Jibu lake litakueleza kama alizisoma.

Kuna watakaosema kuwa hayo yote ni mambo ya hospitali kubwa, yaachwe. Nadhani wamekosea, na sababu iko kwenye ardhi yenyewe tunayoishi. Busia ni miongoni mwa kaunti za ukanda wa Ziwa Victoria ambako malaria haikauki. Ndiyo maana ilikuwa kati ya kaunti nane zilizochaguliwa kwa majaribio ya chanjo ya malaria yaliyoanza nchini Septemba 2019. Mtoto wa hapa humeza dawa ya malaria ya artemetha na lumefantrini, ile tunayoiita Coartem, pengine zaidi ya mara moja kwa mwaka. Lumefantrini hujulikana kuzuia kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6, na hicho hicho ndicho kinachovunja atomoksetini mwilini. Dawa isipovunjwa hurundikana. Imipramini na amitriptilini, dawa za zamani za bei nafuu ambazo baadhi ya madaktari huzitumia panapokosekana nyingine, zina shida hiyo hiyo na tena zina mzigo wake kwenye moyo. Hii haina maana mtoto anyimwe dawa ya malaria, malaria haisubiri. Maana yake ni kwamba daktari wa ADHD aambiwe siku hiyo hiyo, aseme la kufanya. Daktari aliyeketi Nairobi, au mbali zaidi, ambaye hajawahi kuuliza mtoto huugua malaria mara ngapi, hajui anamtibu mtoto wa wapi.

Malaria inaingia kwa mlango mwingine pia. Watafiti waliowafuatilia watoto wa Hospitali ya Mulago, Kampala, baada ya kuugua malaria ya ubongo waligundua kwamba karibu robo yao walibaki na upungufu wa utambuzi, umakini ukiwemo, miaka miwili baadaye. Kifafa nacho huandamana na matatizo ya umakini, na kuna aina ya kifafa ambapo mtoto hatetemeki wala kuanguka, anaduwaa tu kwa sekunde chache huku mwalimu akidhani anaota. Kuna masikio yasiyosikia vizuri baada ya usaha wa mara kwa mara. Kuna upungufu wa damu. Kuna minyoo.

Na kwenye habari ya minyoo, Busia ina jina duniani kuliko wengi wetu tunavyojua. Mwaka 1998 shule 75 za msingi za kusini mwa wilaya ya Busia ya wakati huo, Budalangi na Funyula, ziliingia katika mpango wa kuwapa watoto dawa za minyoo. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer waliufanyia utafiti na kuandika mwaka 2004 kwamba utoro shuleni ulipungua kwa robo. Wasomi wamebishana sana kuhusu hesabu za utafiti ule tangu hapo, lakini Kremer alitunukiwa Nobeli ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa kazi za majaribio ya aina hiyo. Ninaitaja hapa kwa sababu ya upande wa mzazi: mtoto aliyechoka, anayesinzia, anayekosa shule na kurudi akiwa nyuma, ataonekana hana umakini hata kama ubongo wake hauna kasoro. Daktari wa simu ambaye katika kikao cha kwanza anatangaza ADHD bila kuuliza usingizi, minyoo, masikio, kifafa na jinsi mtoto alivyozaliwa, amefika haraka mno.

Tena amefika peke yake. ADHD haitambuliwi kwa kumwangalia mtoto kwenye kioo kwa dakika 20. Watoto wengi hutulia mbele ya kamera kwa sababu ni kitu kipya. Inahitaji maelezo ya watu wa sehemu mbili tofauti, kwa kawaida mzazi na mwalimu, kwa fomu maalumu ya maswali. Daktari mzuri atakutumia fomu ya mwalimu kabla ya kikao. Walimu wetu wana madarasa makubwa na karatasi nyingi, lakini wengi hujaza wakiombwa kwa heshima. Vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, EARC, viko chini ya Wizara ya Elimu na vimekuwepo tangu 1984. Tathmini yao ni karatasi ambayo daktari wa mbali anaweza kuisoma, na haikulazimu uende Nairobi. Mtoto akiwa hajafika miaka sita, miongozo mingi hutaka wazazi wafundishwe kwanza mbinu za kumwelekeza, dawa baadaye. Anayekuandikia atomoksetini kwa mtoto wa miaka minne baada ya simu moja, mwage.

Kumkagua daktari mwenyewe si kazi ngumu. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, lina sajili kwenye tovuti yake. Unaandika jina, unaona kama yumo na kama leseni ya mwaka huu ipo. Maafisa wa kliniki wana baraza lao. Mshauri nasaha na mwanasaikolojia wanaweza kukusaidia sana, hata pengine kuliko dawa, lakini hawaandiki dawa. Kampuni ikikuunganisha na mshauri halafu cheti kikatoka kwa mtu usiyemwona, uliza ni nani aliyetia sahihi. Sheria ya Afya ya 2017 iliitambua tiba ya mtandaoni kuwa njia halali ya huduma nchini, kwa hiyo daktari hana sababu ya kuficha jina lake kamili na namba ya usajili. Anayejiita "Dr. Consultant" kwenye picha ya WhatsApp bila jina la pili, mwache huko huko.

Kisha lugha. Mama anayemweleza mtoto wake kwa Kiteso, Kisamia au Kikhayo atapoteza nusu ya habari akilazimishwa kujibu kwa Kiingereza cha fomu. Daktari anayekubali dada au shangazi aketi pembeni kutafsiri, na anayeuliza kwa Kiswahili rahisi "akitumwa dukani, anarudi na nini?", atapata picha ambayo fomu haitoi.

Mpaka wenyewe una mitego yake. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilipozinduliwa rasmi Februari 2018 na Marais Kenyatta na Museveni, kuvuka ni kwa dakika chache, kitambulisho tu mkononi. Familia nyingi zina shangazi ng'ambo, duka ng'ambo, shule ng'ambo. Kwa nini basi asiwe daktari wa Kampala? Hakuna ubaya, Uganda ina hospitali ya akili ya Butabika na ina huduma za simu zinazofanya kazi kwa miaka sasa. Ila amua mapema. Daktari wa Uganda amesajiliwa na baraza la Uganda, na malalamiko yako yatapelekwa huko. Cheti chake huenda famasi ya upande huu ikasita kukihudumia. Dawa iliyonunuliwa ng'ambo imepita kwa mamlaka ya dawa ya Uganda, NDA, si kwa Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya, na pakiti ya mwezi ujao inaweza kuwa ya kiwanda kingine, rangi nyingine, nguvu nyingine. Chagua upande mmoja, ubaki nao, daktari na famasi vyote viwili.

Famasi nayo ikaguliwe. Kemisti mwenye leseni ana cheti kilichobandikwa na jina la mfamasia anayesimamia. Za mtandaoni pia zipo zenye kibali. MyDawa, kwa mfano, ilianza mwaka 2017. Kabla ya kuanza dawa, piga simu uulize kama atomoksetini ipo, na kama itakuwepo mwezi ujao, na wa tatu. Usitegemee kuikuta rafuni Malaba. Guanfasini ya kutoa nguvu polepole na viloksazini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, daktari akikutajia mwambie kwanza akuonyeshe famasi ya Kenya inayoziuza. Klonidini kama dawa ya presha ni rahisi kidogo kupatikana, na kwa ajili hiyo ina hatari yake: haikatwi ghafla. Ikiisha Ijumaa na basi la mizigo lisifike hadi Jumanne, presha inaweza kuruka juu kuliko ilivyokuwa kabla. Kwa hiyo kopo jipya liagizwe zikiwa zimebaki siku kumi na si mbili.

Nimesema mtoto, mtoto. Lakini mpaka huu una watu wazima wengi wenye tabia hizo hizo, na kazi ya udereva wa masafa marefu huwavuta. Barabara hubadilika kila saa na hakuna dawati. Dereva wa trela anayesubiri zamu Malaba akiamua kutafuta daktari kwenye simu, atakuwa na mambo mawili ambayo mtoto hana. La kwanza, usingizi: klonidini na usukani wa trela kwenye mteremko havikai pamoja, na hata atomoksetini huwalegeza baadhi ya watu siku za mwanzo. Zianzwe akiwa likizo. La pili, miraa. Majani hayo yana kathinoni, kichangamshi kinachopandisha mapigo na presha, na ukiongeza atomoksetini juu yake moyo unabeba mara mbili. Wengi hutafuna kwa sababu huwasaidia kutulia na kushika umakini, jambo ambalo lenyewe ni habari muhimu kwa daktari. Lakini hawamwambii. Upande huu miraa ni zao halali; ng'ambo sheria ya dawa za kulevya imeibana, na dereva amezoea kuificha mfukoni na mdomoni. Daktari anayefaa ataiuliza waziwazi, kwa sauti ile ile anayoulizia chai.

Kuna msaada mwingine unaotoka mbali: binamu aliye Dallas au Minneapolis. Anatuma Strattera ya mwanawe kwenye begi la mgeni, au anasema atamlipia mtoto kikao na kampuni ya huko. Kwa moyo mzuri kabisa. Lakini daktari wa Marekani hupewa leseni na jimbo, na hutakiwa awe na leseni ya mahali mgonjwa alipo. Mgonjwa aliye Malaba hayuko Texas. Tena kampuni za huko si mfano wa kuigwa kwa macho yaliyofungwa. Mwaka 2022 Cerebral, iliyokua haraka wakati wa korona, iliacha kuandika vichangamshi ikiwa chini ya uchunguzi. Mwaka uliofuata ilikiri kwamba taarifa za watu zaidi ya milioni 3.1 zilikuwa zimevujia kampuni kama Facebook, Google na TikTok kupitia vifuatilizi vya kwenye tovuti yake. Mnamo 2024 ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 7 kumaliza kesi na Tume ya Biashara ya Marekani. Juni mwaka huo huo mwanzilishi wa kampuni nyingine, Done, alikamatwa pamoja na daktari wake mkuu kwa tuhuma za kugeuza mtandao kuwa njia ya kugawa vichangamshi. Jambo moja lililolalamikiwa katika kesi hiyo ni kwamba wagonjwa waliendelea kupewa dawa bila kufuatiliwa ipasavyo.

Kwetu taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na za mtoto zinataka ridhaa ya mzazi. Kwa vitendo, maana yake ni rahisi: usitume video ya mtoto akipiga kelele kwenye kundi la WhatsApp lenye wazazi 200, hata kama msimamizi ni daktari. Tuma kwa namba moja, ya mtu mwenye jina. Mji ni mdogo. Sokoni Busia habari ya mtoto "anayemeza dawa za kichwa" itamfika mwalimu mkuu kabla yako.

La mwisho ndilo nililositasita kuliandika, na ndilo daktari anapaswa kulisema kabla hujauliza. Tangu 2005 mamlaka ya Marekani imetaka atomoksetini ibebe onyo zito: kwa watoto na vijana wachache huweza kuleta mawazo ya kujiua, hasa wiki za mwanzo na kipimo kinapobadilishwa. Ni nadra, lakini si la kunyamaziwa. Angalia mtoto anayejitenga ghafla, anayekasirika kuliko kawaida yake, anayezungumzia kufa, asiyelala. Angalia pia macho kuwa manjano au mkojo kuwa mweusi, dalili za ini, ambazo ni nadra zaidi bado. Wazazi wengi walikuwa wakiogopa hata kulitaja jambo la kujiua hospitalini kwa sababu kujaribu kulikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichosema hivyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hiyo sema. Mwulize daktari, kabla ya kidonge cha kwanza: usiku wa manane nikiona hayo, nampigia nani? Akikupa namba ya kituo cha huduma kwa wateja kinachofungwa saa kumi na moja jioni, hujapata daktari bado. Atakayekuambia acha dawa, mpeleke sasa hivi kitengo cha dharura cha hospitali ya kaunti, nami nitazungumza na daktari wa zamu kwa simu yako, anajua Busia iko wapi.

Na wiki ya nane ikifika, mwalimu akasema hakuna kilichobadilika, kipimo kimeshafika kinapostahili na mtoto amemeza dawa kila siku, daktari anapaswa kuwa wa kwanza kusema ibadilishwe. Atomoksetini kwa kawaida inaweza kuachwa bila kupunguzwa hatua kwa hatua. Klonidini hupunguzwa kwa siku kadhaa. Ratiba ya kupunguza omba iandikwe kwa ujumbe mfupi wa kawaida, usiohitaji intaneti.